Fimbo Haimfunzi Mtoto wa Mbwa

Katika nyumba nyingi za Kiirua, kilebu, yaani mtoto wa mbwa, huingia nyumbani akiwa ndani ya gunia au chini ya koti la mtu. Ametengwa na mamaye siku hiyo hiyo. Jioni hupewa uji na maziwa kidogo, na kwa kuwa baridi ya miteremko hii ya Mlima Kenya haina huruma usiku, hulazwa jikoni karibu na mafiga. Alfajiri mama mwenye nyumba aamkapo kuwasha moto, hukanyaga majimaji. Kilebu hushikwa ngozi ya shingo, pua yake husuguliwa katika mkojo wake mwenyewe, hupigwa kwa ufito, kisha hutupwa nje kwenye umande. Kila mtu husema kwamba sasa amefunzwa.

Mimi nasema hakufunzwa usafi hata kidogo. Alilofunzwa ni jambo jingine, nalo halikukusudiwa na mtu: kwamba mkono wa binadamu ni kitu cha kuogopwa. Nataka kuishambulia desturi hii waziwazi, si kwa kuwa nawahurumia mbwa kuliko watu, bali kwa kuwa nawahurumia watu, hasa watoto, ambao ndio walipao gharama yake.

Walio wengi huanza kwa kusema kuwa mbwa ni mchafu kwa asili, na kwamba kiumbe mchafu hakubali mafunzo ila kwa maumivu. Hoja hii huangushwa na mbwa mwenyewe. Katika majuma mawili ya kwanza kilebu hawezi hata kujisaidia peke yake. Mamaye humlamba tumboni, ndipo atoe haja, na mama huiondoa kwa ulimi ili malazi yabaki makavu. Yapata juma la tatu, miguu ikishaanza kumbeba, hutoka malazini akiyumbayumba, akaenda hatua chache, akajisaidia huko, akarudi. Hakuna aliyemchapa ili afanye hivyo. Usafi, basi, alizaliwa nao. Asilolijua ni kwamba nyumba yetu yote, tangu mlangoni hadi nyuma ya magunia ya viazi, ni malazi. Kwa kiumbe mwenye urefu wa kiganja, nyuma ya magunia ni nchi ya mbali.

Tena kuna jambo la kibofu. Kilebu wa miezi miwili aweza kuzuia mkojo kwa muda wa saa mbili hivi mchana, na mara nyingi ni chini ya hapo. Aamkapo hana budi kutoka. Amalizapo kula hana budi kutoka. Akisha kucheza na watoto hana budi kutoka. Usiku, akiwa ametulia, huvumilia zaidi, walakini si tangu saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri. Sisi twamfungia mlango kwa saa tisa, kisha twamhukumu kwa kushindwa na jambo ambalo mwili wake hauliwezi. Mtoto wa binadamu huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kuachana na nepi, na hatujasikia mzazi aliyempeleka mbele ya wazee kwa ajili hiyo.

Wako wanaokubali kwamba kilebu ana akili, na kwa sababu hiyo hiyo husema apigwe, ili alikumbuke kosa. Hawa nataka wanisikilize vizuri. Kukumbuka kosa ni kuunganisha mambo mawili, tendo na adhabu iliyolifuata. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya umeng'enyaji wa chakula, aliwatazama mbwa kwa miaka mingi katika mji wa Saint Petersburg, akaona kwamba sauti iliyokitangulia chakula kwa muda mfupi ilitosha, siku za baadaye, kuwatoa mate hata chakula kisipokuwapo. Neno la kushikwa hapa ni "muda mfupi". Kilebu aliyekojoa saa kumi za usiku, akapigwa saa kumi na mbili, hawezi kuvuka saa mbili hizo na kuyaunganisha mambo hayo. Kilicho karibu na kipigo si mkojo. Ni mlango uliofunguliwa, ni nyayo za mama, ni mkono ulionyoshwa. Hivyo ndivyo anavyojifunza kuviogopa. Hata mbele ya Njuri Ncheke, mtu hatozwi mbuzi kabla ya kuambiwa kosa lake.

Hapo utasikia jibu: "Lakini anajua kwamba amekosa! Tazama anavyoinamisha masikio." Sura hiyo imewadanganya wengi. Mwaka 2009 mwanachuoni Alexandra Horowitz wa New York alitangaza matokeo ya jaribio alilofanya kwa mbwa 14. Kila mbwa alikatazwa kula kitu, kisha mwenyewe akatoka chumbani. Aliporudi, aliambiwa kwamba mbwa amekula au hakula, na mara nyingine habari hiyo haikuwa ya kweli. Sura ya hatia haikufuata kosa; ilifuata karipio. Mbwa aliyekemewa aliinamisha kichwa, awe alikula au hakula. Tunachokiita toba, kwa hiyo, ni hofu tu, nasi twajisifu kwa kuileta.

Na kuna ubaya zaidi ya huo. Kilebu mwenye hofu, akiinamiwa na kupigiwa kelele, hujilaza chali na kukojoa kidogo. Katika lugha ya mbwa hiyo ni heshima, ni kusema, "Mimi ni mdogo, usinidhuru." Mpigaji huona mkojo wa pili, akaongeza fimbo, na fimbo ikaleta mkojo wa tatu. Sijui kazi nyingine ya shambani au ya nyumbani ambayo mtu huiharibu hivyo kwa bidii yake mwenyewe, akaendelea kuiita kazi.

Watetezi wa fimbo wakisha kukosa hoja hukimbilia methali. "Samaki mkunje angali mbichi," husema, na ufito u mkononi. Methali ni njema, ila wamelisahau tendo lililotajwa ndani yake. Imesema mkunje, haikusema mvunje. Na samaki hukunjwa akiwa mbichi kwa sababu wakati huo ni laini, wala hahitaji nguvu.

Kilebu afunzwe vipi, basi? Ili mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya nchi ambazo mbwa hulala vitandani, na tutazame kwa jirani zetu. Huko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Panya, ndugu msomaji, si mbwa. Vyombo vya mafunzo ni kijidude kidogo kinacholia kwa kubonyezwa, na chakula kama ndizi. Panya akifanya sawa husikia mlio, na mara hupata chakula. Asipofanya sawa hapati kitu, basi. Mmoja wao, aitwaye Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, na katika kazi yake yote akafichua zaidi ya mabomu na silaha za kulipuka 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunukia nishani ya dhahabu. Alikufa mwaka 2022. Je, nani atakayesimama mbele yetu na kusema kwamba mbwa, aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, ni mzito wa akili kuliko panya?

Katika boma la Kiirua kazi ni nyepesi kuliko ile ya Morogoro. Chagua mahali pamoja nje, mbali na bustani ya sukuma wiki na mbali na pale wachezeapo watoto. Mpeleke kilebu huko kila aamkapo, kila amalizapo kula, kila amalizapo mchezo, na tena kabla ya watu kulala. Simama, nyamaza, ngoja. Akisha kujisaidia msifu papo hapo, hapo alipo, wala si baada ya kurudi mlangoni. Mpe tonge dogo la ugali au kipande cha kiazi kilichochemshwa. Kwa majuma machache ya kwanza hapana budi mtu aamke mara moja usiku, blanketi mabegani, amtoe nje. Ukimkuta katikati ya tendo ndani ya nyumba, mwinue kwa upole, akamalizie nje. Ukikuta limekwisha kutendeka, limepita, safisha. Kwenye sakafu ya udongo, chimbua udongo ulioloa uutupe, nyunyiza majivu, kisha shindilia udongo mkavu. Kwenye saruji, osha kwa sabuni na maji mengi. Pua ya mbwa hupata harufu ambayo sisi hatuisikii, na panaponuka mkojo ndipo adhanipo pana choo.

Kinyesi nacho kizolewe na kutupwa chooni siku hiyo hiyo. Vilebu wengi huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama, na mayai ya minyoo hiyo huhitaji majuma mawili au matatu udongoni kabla ya kuweza kumdhuru mtoto atiaye vidole vichafu kinywani. Azoaye kila siku hayapi mayai nafasi hiyo. Dawa ya minyoo ya vilebu ipo kwa daktari wa mifugo, nayo huanza kutolewa kilebu akiwa na majuma mawili tu.

Kuna atakayesema kwamba hana nafasi ya haya yote. Huyo huyo hupata nafasi ya kukata ufito, ya kumkimbiza kilebu kuzunguka ghala, na ya kuosha sakafu ile ile kila asubuhi kwa miezi sita.

Hoja moja ya wapinzani wangu yastahili heshima, kwa kuwa hutolewa na watu wenye mbuzi na viazi vya kulinda, waishio mahali ambapo usiku una wezi na fisi. Wao husema kwamba mbwa aliyelelewa kwa upole hawezi kuwa mlinzi; atamtikisia mkia mwizi. Lakini mtazame mbwa wa mnyororo. Hubwekea upepo, hubwekea jani la mgomba, hubwekea mwalimu apitaye njiani na jirani aliyekuja kuazima jembe. Hubweka usiku kucha, hata wenye nyumba wakazoea, wakageukia upande wa pili wakalala. Mwizi apendaye kazi yake hana rafiki mwema kuliko mbwa ambaye kelele zake hazimwinui mtu. Kulinda ni kupambanua, na apambanuaye ni mbwa ayajuaye mambo ya nyumbani kwake: nani huja asubuhi, nani hukohoa mlangoni, ni nyayo za nani. Hayo huyajua kwa kukaa na watu, wala hayajui kwa kukaa nyuma ya ghala. Kaskazini ya hapa, katika hifadhi ya Lewa, wako mbwa wa kufuata harufu ya majangili. Mbwa wa kazi hiyo hufanya kazi akiwa kwenye kamba, na hawezi kitu bila kumwamini mtu aishikaye. Hakuna awaitaye legevu.

Sasa nafika penye uzito wa neno langu. Kilebu apigwaye hakomi kukojoa ndani; kwa hiyo hutolewa nyumbani, akafungwa mnyororo akiwa na miezi mitatu au chini ya hapo. Huko hukua. Hashikwi na mtu. Hutupiwa chakula kwa mbali. John Paul Scott na mwenziwe John Fuller, waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kutoa kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya juma la tatu na juma la kumi na mbili hivi kilebu hujifunza nani ni jamaa yake katika dunia. Majuma hayo hayarudi. Sisi twayatumia kumwonyesha kwamba binadamu si jamaa.

Kisha huja siku ya chanjo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na hakijaondoka. Dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara mtu huyo hufa. Shirika la Afya Duniani husema kwamba katika kila watu 100 wanaopata ugonjwa huu, 99 waliupata kwa mbwa. Na katika kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa nao, 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dawa ya jambo hili inajulikana. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030.

Mpango huo, pamoja na sahihi zote za wakubwa, hutegemea mwishowe mkono wa kijana wa miaka kumi na miwili anayejaribu kumvuta mbwa kwa kamba mpaka uwanja wa soko. Mbwa huyo hajapata kuguswa shingo ila kwa kupigwa. Hukaza miguu, huzunguka, hung'ata kamba, kisha mkono. Daktari wa mifugo ana sindano, ana sanduku la barafu, na mbwa wengine kwa makumi wanangoja. Hawezi kushindana na mmoja kwa nusu saa. Kijana hugeuka akarudi nyumbani, damu kidoleni, na mbwa ambaye hakuchanjwa. Hesabuni, ninyi mfunzwao hesabu: nyumba kumi, mbwa kumi, na wanne hawashikiki. Sabini katika mia haitapatikana hapo, hata daktari angekuja na sindano elfu.

Na mtoto akisha kung'atwa? Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala si kesho. Chanjo ya mtu haimaliziki kwa safari moja. Huhitaji kurudi tena na tena kwa siku zilizopangwa, na kila safari ina nauli yake na siku ya kazi iliyopotea. Mzazi ahesabupo fedha hizo, akumbuke kwamba ndizo bei ya ufito uliokatwa uani bila malipo.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, humhesabu kuwa mkosaji yeyote ampigaye mnyama kwa ukatili au kumtia hofu. Sijasikia mtu wa kwetu aliyefikishwa kortini kwa ajili ya kilebu, wala simtakii mtu hayo. Sheria haiwezi kuamka saa kumi za usiku kumtoa kilebu nje.

Nimeyaelekeza maneno haya kwa wanafunzi kwa sababu aghalabu wao ndio waletao vilebu. Kilebu huombwa kwa jirani katika likizo ya Desemba. Mwezi mzima hubebwa, hupewa jina, Simba au Bosi, hulala juu ya sweta kuukuu la shule. Januari sanduku hufungwa, mwenyewe hurudi bwenini, na kilebu wa miezi mitatu huachiwa nyanya ambaye magoti yake hayakunjiki, au mdogo wa darasa la pili ambaye hakuambiwa neno. Kabla ya juma kwisha, fito zimekatwa. Aprili mwanafunzi hurudi akakuta mnyororo, akauliza kwa nini Simba amekuwa mkali hata kwake.

Swali hilo lingeulizwa Desemba. Kabla ya kwenda kwa jirani kuomba kilebu, uliza nyumbani ni nani atakayemtoa nje alfajiri wewe ukiwa shuleni. Akipatikana, mwonyeshe mahali palipochaguliwa, mwonyeshe namna ya kungoja na namna ya kusifu, mfanye kazi hiyo pamoja kwa majuma mawili kabla ya shule kufunguliwa. Asipopatikana, mwache kilebu kwa jirani, alale na mamaye.